Kabla ya kuuza parseli, uliza ni lukemia ipi

Mtu mzima wa Baraka, hapa Fizi katika Kivu ya Kusini, anapoanza kuchoka, homa ikipanda jioni na kushuka alfajiri, ugonjwa wa kwanza kutajwa ni malaria. Anameza dawa, anapata nafuu ya siku chache, kisha homa inarudi. Safari hii inatajwa tifoide, maana kipimo cha Widal, ambacho hukosea mara nyingi katika nchi zetu, kimeonyesha alama ya ndiyo. Dawa nyingine, fedha nyingine. Mwezi wa tatu mzee amekonda, upande wa kushoto wa tumbo umejaa na kuwa mgumu, na ufizi unatoka damu akipiga mswaki. Ndipo fundi wa labo anapoinama kwenye darubini muda mrefu kuliko kawaida, na daktari anamwita mtoto mkubwa wa mgonjwa kando ya mlango kumweleza kwamba damu ya baba yake ina sura ya kansere, ila hapa hakuna kipimo cha kuthibitisha.

Mtoto huyo anatoka hospitalini na mizigo miwili. Wa kwanza ni ugonjwa wa mzazi. Wa pili ni kutojua, na huo ndio unaozifanya familia nyingi zipoteze fedha, muda na hata ujirani kabla mgonjwa hajapata tiba. Jioni ukoo unakaa kikao. Mmoja anasema parseli, yaani kiwanja, iuzwe, mzee apelekwe Bujumbura. Mwingine anasema avec, chama cha akiba na mikopo, itoe mkopo, avushwe Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Wa tatu anamtaja mganga wa kienyeji aliyeko Ubwari. Wa nne hasemi kitu, ila anamtazama shangazi kwa jicho baya.

Kwa familia iliyo katika kikao hicho, swali la kwanza si wapi pa kwenda. Ni hili: hii ni lukemia ya aina gani, na imejulikanaje? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama safari ni ya leo usiku au ya mwezi ujao, kama dawa ni kidonge cha kila siku au ni dripu za hospitali kubwa, na kama parseli iuzwe au ibaki.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo huzaliwa seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu akijikata. Lukemia ni pale seli nyeupe za aina fulani zinapozaliana bila kikomo. Uboho unakuwa kama shamba la muhogo lililovamiwa na magugu: udongo ni uleule, lakini mazao yanakosa nafasi. Seli nyekundu zikipungua, mgonjwa anachoka na kuhema. Chembe sahani zikipungua, anatoka damu puani na kwenye ufizi. Seli nyeupe zinakuwa nyingi lakini hazifanyi kazi yake, kwa hiyo kila homa inamwangusha.

Madaktari huzigawa lukemia katika makundi manne makubwa. Mbili ni za ghafla, na mbili huenda polepole. Za ghafla hazisubiri: bila tiba, maisha huhesabiwa kwa wiki au miezi michache. Za polepole zinaweza kukaa mwilini miaka. Moja kati ya hizo za polepole, inayowapata zaidi wazee, mara nyingi haianzi kutibiwa siku inapogunduliwa. Daktari humpima mzee kila baada ya miezi kadhaa, na tiba huanza dalili zinapozidi. Nyingine ya polepole, iitwayo lukemia sugu ya mieloidi, leo ina kidonge kinachoweza kumrudisha mtu kwenye kazi yake.

Kwa hiyo watoto wa wagonjwa wawili wanaoambiwa neno hilohilo, kansere ya damu, katika hospitali ileile na siku ileile, wanaweza kuwa na safari mbili tofauti kabisa mbele yao.

Seli nyingi nyeupe si lazima ziwe lukemia

Kipimo cha kwanza ni kile ambacho hospitali zetu hukiita NFS, yaani hesabu ya seli za damu. Kwa kawaida mtu mzima ana seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Katika lukemia sugu ya mieloidi hesabu hiyo mara nyingi huvuka 100,000. Lakini lukemia za ghafla zinaweza kuonyesha hesabu kubwa, ya kawaida, au hata ndogo. Namba peke yake haitoi hukumu.

Fizi ni nchi ya malaria, na jambo hilo linaongeza ugumu. Mtu aliyeishi na malaria miaka mingi anaweza kuvimba bandama sana, damu ikapungua, na seli nyeupe za aina ya limfosaiti zikaongezeka hata zikafanana na za lukemia ya wazee. Ugonjwa huo si kansere. Hutibiwa kwa dawa ya kuzuia malaria inayotumiwa kwa muda mrefu, na bandama hupungua pole pole. Kifua kikuu na maambukizi makali ya bakteria pia yanaweza kupandisha seli nyeupe mpaka daktari akashtuka. Upungufu mkubwa wa vitamini B12 au asidi ya foliki unaweza kushusha seli zote kwa pamoja na kuuiga ugonjwa wa uboho.

Kwa hiyo mtoto wa mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari, kwa heshima: ni kitu gani kingine kingeweza kuleta matokeo haya, na mmekitafuta? Swali hilo halimdharau daktari. Daktari mzuri hulifurahia, maana ndilo analojiuliza mwenyewe. Aombe pia kipimo kirudiwe kabla ya safari, kwa sababu mashine ya kuhesabu seli ikikosa huduma au umeme ukiyumba, hesabu huharibika.

Kila kipimo na kazi yake

Baada ya NFS hufuata kioo cha damu: tone moja linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, linatazamwa kwa darubini. Kipimo hiki ni cha gharama ndogo na kinaweza kufanyika popote penye darubini ya malaria na dawa ya rangi. Jicho lililofundishwa hutambua seli changa ambazo hazikupaswa kutoka kwenye uboho, na hapo hujulikana kama hali ni ya ghafla. Kwa familia ya Baraka, hiki ndicho kipimo cha kukidai kwanza.

Kisha kuna kipimo cha uboho. Mgonjwa hulala ubavu au kifudifudi, hupigwa sindano ya ganzi, na daktari huchota uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga. Kinauma kwa muda mfupi, hakimlemazi mtu wala hakimalizi nguvu za kiume, kama wengine wanavyodai mitaani. Mbele yake kuna vipimo vya hospitali kubwa: mashine inayotambua aina ya seli kwa alama zilizo juu yake, na vipimo vinavyosoma vinasaba vyake.

Hapo kwenye vinasaba kuna habari inayotuhusu sana. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Kipande kilichoungana vibaya kiliitwa BCR-ABL, nacho ndicho kinachoziamuru seli zizaliane. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha dawa ya imatinib, kidonge kinachozima amri hiyo. Kabla yake, wengi waliishi miaka michache tu. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanzia dawa hiyo, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa hai baada ya miaka kumi.

Dawa hiyo imewafikia Waafrika Mashariki wasio na uwezo. Shirika la The Max Foundation lenye makao Seattle, kwa kushirikiana na mtengenezaji wa dawa, lilianzisha mpango wa kuitoa bure, na mpango huo ulifika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Sharti lake kubwa ni ushahidi: lazima kipimo kionyeshe kwamba mgonjwa ana BCR-ABL. Asiye na kipimo hapati kidonge, hata kama bandama yake imefika kitovuni.

Na kipimo hicho leo kinaweza kufanywa kwa GeneXpert, mashine ileile iliyosambazwa Kongo kwa ajili ya kifua kikuu. Inahitaji katriji tofauti. Hilo ni la kuwauliza wakuu wa zoni ya afya na wa jimbo, bila kuchoka.

Njia za kutoka Baraka

Huduma za afya za Fizi zilijengwa kupambana na mambo ya haraka. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifika Baraka mwaka 2003 na kwa miaka mingi likasaidia kutibu kipindupindu, malaria, utapiamlo na uzazi mgumu. Mwisho wa mwaka 2020, baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa mara kwa mara, lilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kazi zake Fizi. Wauguzi na madaktari waliobaki wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Lukemia haikuwahi kuwekewa mlango wake.

Vita vimeifanya njia kuwa ngumu zaidi. Bukavu, penye Hospitali ya Jimbo na Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025. Desemba ya mwaka huohuo mapigano yakafika Uvira, na maelfu wakakimbia kuelekea Burundi na Fizi. Hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, Bujumbura, ambayo wengi wa pwani hii huikimbilia, hufikika mpaka ukiwa wazi. Ziwani, boti ziendazo Kigoma zinafungua njia ya Tanzania: Bugando mjini Mwanza, au Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam. Rwanda ina kituo cha saratani cha Butaro kilichofunguliwa mwaka 2012, na Uganda ina Taasisi ya Saratani ya Mulago iliyoanza mwaka 1967.

Kila mji huo ni nauli, chakula, lugha na karatasi za mpaka. Kwa hiyo kabla mzee hajapanda boti, vitangulie vipimo vyake. Kioo cha damu kilichokauka na kufungwa vizuri, chenye jina na tarehe, kinaweza kusafiri mfukoni mwa ndugu na kusomwa na mtaalamu wa mbali. Picha iliyopigwa kwa simu kupitia lenzi ya darubini inaweza kutumwa kwa WhatsApp kabla jua halijatua. Damu iliyo kwenye tubo haina uvumilivu huo. Ile ya hesabu inapaswa kusomwa ndani ya siku moja, na njia ya Fizi haijui saa. Daktari wa Baraka akiwa na namba ya mtaalamu mmoja wa damu, familia nyingi zitaokoka na safari isiyo na kazi, na wachache wanaopaswa kuondoka leo wataondoka leo.

Karatasi zote, tangu ile ya kwanza ya malaria, ziwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki, zikipangwa kwa tarehe. Achaguliwe mtoto mmoja wa kuzitunza na kuzungumza na madaktari. Watoto watano wakiuliza kwa nyakati tano, wanarudi nyumbani na magonjwa matano.

Siku za kusubiri

Kusubiri majibu si kukaa bure. Kuna mambo ambayo nyumba inaweza kufanya bila kujua bado jina la ugonjwa.

La kwanza ni damu. Mzee mwenye upungufu mkubwa atahitaji kuongezewa, na katika hospitali zetu damu hutoka kwa ndugu. Waandikwe wanaoweza kutoa, wenye afya, na makundi yao ya damu. Mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Orodha ya vijana wanane waliokubaliana zamu ina thamani kuliko michango ya papo kwa papo.

La pili ni kujua dalili zisizongoja asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu isiyokatika puani, kinyesi cheusi, madoa mekundu yanayojaa kwenye ngozi, kichwa kinachouma ghafla na vikali, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amelala. Mojawapo ikitokea, ni hospitali usiku huohuo.

La tatu ni kumkinga na madhara ya mikono yetu. Mgonjwa mwenye chembe sahani chache asimeze aspirini wala ibuprofeni, na asichomwe sindano za matakoni ovyo ovyo, kwa sababu anaweza kuvujia damu ndani. Kuchanjwa kwa wembe na kupigwa bomba la dawa za miti ni hatari kwake kwa sababu hiyohiyo na kwa sababu ya vijidudu. Ugali, sombe, ndagala na mikebuka ale, mradi vimeiva na viliwe vya moto. Maji yake yachemshwe. Ziwa letu ni zuri, lakini kipindupindu kinalijua pia.

Kipimo humlinda shangazi pia

Katika Kivu yote, mtu anapokonda pole pole na tumbo kujaa, kuna jina linalotangulia majibu ya labo: karuho, sumu inayosemwa kuua kwa miezi. Wapo wanaouza matapisho ya kuitoa. Mgonjwa wa lukemia anatapishwa mpaka maji yanamwisha, na wakati huohuo anatafutwa aliyemlisha. Mara nyingi anayeangukiwa na tuhuma ni mwanamke mjane, mke mdogo, au jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Nyumba zimechomwa kwa tuhuma za namna hiyo, na watu wameuawa.

Lukemia haiambukizi. Hailetwi na chakula cha jirani. Kwa wagonjwa wengi hakuna anayeweza kuonyesha kosa lililoileta, la mgonjwa wala la mtu mwingine. Mtoto anayesimama katika kikao akiwa na karatasi mkononi na kusema kwamba ugonjwa huu huanzia ndani ya mfupa, na madaktari wameuona kwa darubini, amefanya kazi mbili. Amemfungulia baba njia ya tiba, na amemwondoa shangazi katika hatari. Hii pekee ingetosha kuufanya ukoo uchangie kipimo kabla ya kuchangia kitu kingine chochote.

Mzee aambiwe

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu mara nyingi anayeficha si mgonjwa, ni watoto. Wanajua wao, anajua daktari, anajua mchungaji, wanajua majirani. Mwenye mwili pekee ndiye hajui. Wanafanya hivyo kwa upendo, wakihofia kwamba atakata tamaa. Lakini mzee anaona watu wakinyamaza akiingia. Anajibu kimya hicho kwa kuwaza mabaya kuliko ukweli wenyewe.

Kanda yetu imewahi kuona mzazi mwenye ugonjwa huu mbele ya macho ya wote. Mwalimu Julius Nyerere aligunduliwa kuwa na lukemia mwaka 1998, mwaka ambao mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Arusha chini ya usuluhishi wake. Aliendelea na kazi hiyo akiwa na ugonjwa mwilini. Watanzania wengi walikuja kusikia uzito wa maradhi yake katika wiki za mwisho, alipokuwa amelazwa katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, ambako alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77. Nelson Mandela akaupokea usuluhishi, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 2000.

Mwalimu alikuwa na hospitali bora kuliko zetu, na bado ugonjwa ulimshinda. Lakini alikuwa anajua anachoumwa, na miezi yake aliipangia kazi. Mzee wa Fizi naye ana kazi yake ya kupanga. Kuna deni analolijua yeye pekee, mpaka wa shamba anaoweza kuuonyesha kwa mguu wake, mtoto wa nje ambaye hajatambulishwa, ndugu aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambaye hajasemezana naye tangu vita vya 1996. Akiambiwa kwa upole, na mtu mmoja anayemwamini, kwamba damu yake inaumwa na bado tunatafuta aina ya ugonjwa, atauliza maswali ambayo watoto hawakuyafikiria. Anaweza pia kusema anataka kupimwa hadi wapi, na safari ipi haitaki. Uamuzi huo ni wake.

Jibu likiwa zito

Kuna majibu ambayo hayana kidonge. Mzee wa miaka 75 mwenye lukemia ya ghafla hawezi mara zote kuhimili dawa kali za kuiua, hata angekuwa London. Hapo kuuza parseli kunaweza kuwaacha wajukuu bila makazi na mzee kufia ugenini. Kuchagua kumrudisha nyumbani si kumtupa, mradi maumivu yake yatibiwe. Uganda imeonyesha kwamba inawezekana vijijini: tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, morfini ya kunywa, iliyo ya gharama ndogo, imewafikia wagonjwa majumbani mwao, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Fizi inastahili dawa hiyo, na familia ziidai kama zinavyodai dawa ya malaria.

Viongozi wetu wana mambo matatu ya kufanya ambayo hayangoji amani kamili: rangi za kutosha na mafunzo ya kusoma kioo cha damu katika hospitali za Baraka, Nundu na Lulimba, makubaliano na mtaalamu mmoja wa damu anayepokea picha kwa simu, na katriji za BCR-ABL kwa mashine ambazo nchi tayari inazo. Hayo hayatamponya kila mzee. Yatamwezesha mtoto aliyeitwa kando ya mlango kurudi kwa ukoo akiwa na jibu: ni lukemia ipi, imejulikanaje, na kesho tunafanya nini.